Barafu haishuki? Pima maji kabla ya kununua mashine

Na Mwandishi Wetu

JOTO la Dar es Salaam linapopanda, kati ya Desemba na Machi, barafu huacha kuwa anasa na kuwa bidhaa. Muuza juisi asiye na barafu hana tofauti na muuza mkaa msimu wa mvua asiye na turubai. Mali anayo, lakini haiuziki.

Katika miaka ya karibuni friji za milango miwili, zile zenye mashine ndogo ya kutengeneza barafu ndani ya friza, zimeingia katika migahawa na vibanda vingi vya vinywaji, nyingi zikiwa zimetumika na kupitia Dubai. Friji hizo zinapoacha kudondosha barafu, mwenye mali hujikuta mbele ya njia tatu: kumwita fundi, kununua mashine nyingine na kuifunga mwenyewe, au kuuza friji kwa bei ya kutupa. Safu yetu wiki hii inapima njia ya pili, kwa kuwa ndiyo yenye gharama ndogo na ndiyo inayoharakiwa zaidi. Mwandishi wa safu hii aliiharakia, na fedha iliyopotea haikuwa yake.

Mashine haipimi maji

Friji ya nyumbani yenye mashine ya barafu inayojiendesha ililetwa sokoni na kampuni ya Servel ya Marekani mwaka 1953, na namna ya kufanya kazi haijabadilika sana. Nyuma ya friji, karibu na sakafu, kuna vali ya umeme. Vali hiyo hufunguka kwa sekunde chache, kwa aina nyingi zipatazo saba, na maji hupanda kwa mpira mwembamba hadi kwenye kalibu iliyo ndani ya friza. Maji yakishaganda na kalibu kufika nyuzi 8 au 9 chini ya sifuri, themostati huamsha hita iliyo chini ya kalibu. Hita huyeyusha ngozi nyembamba ya barafu, mota huzungusha mapanga, vipande huangukia kwenye ndoo, na vali hufunguliwa tena. Ndoo ikijaa, mkono wa waya huzuiwa na barafu na kazi husimama.

Msomaji azingatie jambo moja hapo. Katika mashine nyingi za aina hii, mashine haipimi maji, inapima muda. Ikiwa katika sekunde zile saba yameingia maji nusu, basi itagandisha nusu na kuhesabu kazi imekwisha. Haina namna ya kulalamika.

Shangazi na fremu mpya

Shangazi yangu anauza juisi Sinza. Mwaka jana alihama kutoka fremu moja kwenda nyingine, mitaa miwili mbele, akaenda na friji yake. Wiki ile ile barafu ikaanza kutoka nyembamba, vipande vina shimo katikati kama maganda, na vingine vimeungana kuwa bonge. Fundi aliyepita akatazama mara moja na kusema mashine imekufa.

Nilimwambia asilipe ufundi. Nilikwenda Kariakoo, nikanunua mashine mpya inayolingana na namba ya friji yake, nikaifunga mwenyewe kwa muda usiozidi dakika 40. Asubuhi iliyofuata akanipigia simu.

"Baba, hii uliyoniletea ni mpya kweli?"

"Mpya kabisa, shangazi."

"Mbona inatoa maganda yale yale?"

Nilirudi Sinza jioni, na safari hii nilianza kwa kutazama nje. Fremu ya zamani ilikuwa imeunganishwa moja kwa moja na bomba la mtaani, ambalo eneo lile lilikuwa na nguvu. Fremu mpya inapata maji kutoka simtanki lililo juu ya mnara wa kama mita nne. Hapo ndipo hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kwenda Kariakoo iliponijia.

Watengenezaji wengi wa friji hizi hutaka maji yafike kwenye vali yakiwa na msukumo usiopungua pauni 20 kwa kila inchi ya mraba. Wenye magari wanakijua kipimo hiki, kwani tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takribani pauni 30. Maji yanayoshuka kwa uzito wake tu hutoa kiasi cha pauni 1.4 kwa kila mita moja ya kimo. Tangi la mita nne, basi, linatoa pauni zisizofika sita. Ili kupata pauni 20 shangazi angehitaji mnara wa mita 14, yaani juu ya paa la ghorofa tatu au nne.

Aidha, vali hizi hutegemea msukumo wa maji ili zifunge vizuri. Msukumo ukiwa mdogo, vali huendelea kudondosha maji kidogo kidogo baada ya muda wake kwisha. Hilo ndilo lililokuwa likiunganisha vipande kuwa bonge. Dalili zote mbili zilikuwa na chanzo kimoja, nacho kilikuwa nje ya friji.

Tulifunga pampu ndogo ya kusukuma maji, ile inayowaka yenyewe bomba likifunguliwa. Siku ya pili vipande vilitoka vimejaa. Kwa kutaka kujua ukweli, niliifungua mashine mpya na kuirudisha ile iliyotangazwa imekufa. Nayo ikatoa vipande vilivyojaa.

Ni dalili zipi zinaitia hatiani mashine?

Kabla ya kutoa shilingi, mwenye friji aanze na swali moja: ni nini kilibadilika kabla tatizo halijaanza? Kuhama, kubadili chanzo cha maji, kusogeza friji ukutani hadi mpira ukabanwa, kukatika kwa umeme kwa muda mrefu. Kisha asome dalili.

Kama hakuna barafu wala maji kwenye kalibu, tazama kwanza kama mkono wa waya umeinuliwa, kama koki ya nyuma imefungwa, kama kichujio kimeziba na kama mpira wa kuingizia maji umeganda. Vichujio hivi kwa kawaida hubadilishwa kila miezi sita, na maji ya kisima yenye chokaa huviziba mapema zaidi.

Kama vipande ni vidogo au vina shimo, maji ni machache. Chunguza msukumo, kichujio na mpira.

Kama maji yamo lakini hayagandi, friza haina baridi ya kutosha. Inatakiwa iwe karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Tazama mpira wa mlango na vumbi la nyuma. Ikiwa ni gesi au kompresa, hiyo ni kazi ya fundi.

Kama maji yanamwagika hadi kwenye ndoo, vali haifungi, au friji haijakaa sawasawa sakafuni.

Kama barafu imeganda vizuri kwenye kalibu, friza ina baridi ya kutosha, mkono wa waya uko chini, na bado barafu haishuki siku nzima, hapo ndipo pa kuishuku mashine yenyewe. Hita, themostati au mota imegoma. Katika dalili tano hizi, ni hii ya mwisho inayoelekeza moja kwa moja kwenye kununua mashine.

Jinsi ya kuibadilisha

Ikithibitika kuwa mashine ndiyo mbovu, kazi yenyewe haihitaji cheti. Chomoa plagi ya friji ukutani. Kuzima swichi tu hakutoshi. Funga koki ya maji. Toa ndoo ya barafu. Mashine nyingi hushikiliwa na skrubu mbili juu na moja chini. Legeza zile za juu, toa ya chini, kisha inua mashine kidogo na kuivuta kwako. Nyuma yake kuna nyaya zinazoishia kwenye plagi ndogo. Bonyeza kibanio chake na kuichomoa. Usivute nyaya zenyewe. Kama kuna barafu iliyong'ang'ania, iyeyushe kwa kitambaa cha maji ya moto. Usitumie kisu. Friji nyingi za siku hizi zina gesi ya R600a, ambayo hushika moto, na tundu moja kwenye ukuta wa friza humaliza friji nzima.

Hamisha kutoka mashine ya zamani vile vipande ambavyo mpya haikuja navyo, kama kikombe cha kupokelea maji na mkono wa waya. Chomeka plagi ndogo, ning'iniza mashine kwenye skrubu za juu, rudisha ya chini na kaza zote. Hakikisha kalibu imelala sawa, la sivyo maji yatamwagika upande mmoja. Fungua koki, tazama kama panavuja, ndipo urudishe umeme. Subiri saa 24 kabla ya kutoa hukumu, na barafu ya siku hiyo ya kwanza imwagwe.

Onyo kwa wanaoagiza kwa ndugu walio Marekani: soma kibandiko. Mashine za kule hutumia volti 120, za kwetu 230. Hita ya volti 120 ikipewa umeme wa hapa hutoa joto karibu mara nne ya lile ililotengenezewa, na maisha yake huwa mafupi sana. Bei nzuri ya mtandaoni haisaidii kitu ikiwa kibandiko hakisomeki 220 hadi 240.

Hesabu ya mfanyabiashara

Tuchukue mfano, na msomaji aweke namba zake. Tuseme mashine ni shilingi 150,000, na kukosa barafu kunampotezea muuzaji faida ya shilingi 6,000 kwa siku. Mashine itarudisha gharama yake baada ya siku 25 za kazi. Akimlipa fundi 30,000 zaidi, ni siku 30. Tofauti ni siku tano, ambayo si kubwa kiasi cha kumfanya mtu anayeogopa umeme ajilazimishe kujifungia mwenyewe.

Hasara kubwa iko kwenye kununua kifaa ambacho hakikuwa kimeharibika. Hapo siku za kurudisha gharama hazihesabiki, kwa sababu faida iliyokuwa ikipotea inaendelea kupotea, na mtaji umelala.

Kuna hesabu nyingine ambayo wengi hawaifanyi. Mashine hizi za nyumbani hutoa kiasi cha kilo moja na nusu hadi mbili za barafu kwa siku nzima. Kama glasi moja ya juisi inachukua gramu 100, hizo ni glasi 15 hadi 20. Anayeuza glasi 60 kwa siku hawezi kuitegemea hata ikiwa mpya na maji yana nguvu. Huyo mtaji wake uende kwenye friza la kulala na trei za kutosha.

Tena, mashine hugandisha maji kama yalivyotoka kwenye tangi. Kichujio cha friji huondoa ladha na harufu, lakini si cha kutegemewa kwa vijidudu, na kuganda hakuviui vyote. Muuzaji anayetumia maji ya kisima bila kuyatibu anauza kisima chake ndani ya glasi. Friza la kulala lina faida ya ziada hapo, kwani linakubali maji yaliyochemshwa.

Kwa wauza spea, fursa ipo pia. Mteja anayekuja kuomba mashine nzima aulizwe maji yake yanatoka wapi. Huenda akaondoka na kichujio au vali, ambavyo ni mauzo madogo, lakini atarudi. Yule aliyeuziwa mashine isiyomsaidia hatarudi, na atawaambia wenzake.

Shangazi sasa ana pampu, ana mashine ya zamani inayofanya kazi, na ana mashine mpya ndani ya boksi juu ya kabati. Nilijitolea kumrudishia fedha zake. Alikataa, akasema itakuja kufaa siku ile ya zamani ikifa kweli. Kila mteja akisifia barafu yake, ananyoosha kidole juu ya kabati na kumweleza kwamba ile pale ni kazi ya mtoto wa kaka yake aliyesomea biashara.