Simu ya Ng'ambo Yagoma Gakoromone

Kizuri hakikosi ila, na ila ya simu ya zawadi haionekani kwa macho. Sisi watu wa pwani jambo hili twalijua nusu tu. Jamaa zetu walioko Maskati, Dubai na Jedda hutuletea simu, tukatia laini za hapa, nazo zikaita. Basi tukadhani simu ni simu, itokako kokote.

Mambo niliyaona mengine huko Meru. Katika soko la Gakoromone, kibandani kwa fundi wa simu, nilimkuta mama mmoja mchuuzi wa ndizi. Mwanawe aliyeko Marekani alikuwa amempelekea simu ya fahari. Yawaka, yapiga picha safi, lakini laini yake yaikataa katakata. Na laini kwa mama yule ndiyo kibindo chake: wateja humlipa kwa M-Pesa, na fedha za dawa kutoka kwa mwanawe hupitia humo humo.

“Mama, simu yako si mbovu,” fundi akamwambia. “Imefungwa tu.”

Nikaomba nielezwe. Kumbe vizuizi ni vitatu. Cha kwanza ni mawimbi. Mitambo ya GSM ya Kenya, kama ile ya Oman na Ulaya, hutumia megahezi 900 na 1800. Marekani walichagua 850 na 1900. Simu ya zamani iliyoundwa kwa ajili ya kule tu, huku ilikuwa kiziwi. Za siku hizi nyingi husikia kote kuwili.

Cha pili ni mtindo wa CDMA uliotumiwa na baadhi ya makampuni ya Marekani. Simu zake nyingi za kale hazikuwa na hata tundu la laini. Makampuni makubwa ya huko yaliuzima mtindo huo mwaka 2022.

Cha tatu, kilichomsibu mama yule, ni kufuli. Kampuni huuza simu kwa malipo ya polepole, ikaifunga isipokee laini ya kampuni nyingine mpaka deni liishe. Uingereza imeyakataza makampuni kuuza simu za namna hiyo tangu Desemba 2021.

Mwenye ufunguo halali ni kampuni iliyouza. Kwa hiyo fundi alimshauri mama amwambie mwanawe alipe deni, kisha aombe simu ifunguliwe. Kuichezea nambari ya IMEI, ile ya tarakimu 15 ionekanayo ukibonyeza *#06#, alikataa. Sheria ya Kenya yakataza kuibadili, na kwa nambari hiyo hiyo simu bandia zilizimwa nchini mwaka 2012.

Mama akairudisha laini katika simu yake kuukuu ya vibonye, ndizi zikaendelea kulipiwa.

Nawe msomaji, jamaa yako wa ng'ambo akikuahidi simu, mwulize kabla hajanunua: je, i wazi kwa laini yoyote? Yapokea mawimbi ya Kenya? Imelipiwa yote? Kuuliza si ujinga.