Mtoto Anapochagua Chakula

Hakuna kinachoudhi kama kupika kwa jasho, kupakua, kisha mtoto aitazame sahani na kusema, "Sitaki." Tunaanza kwa kubembeleza, tunafuatia kwa vitisho, na mwisho tunampa chai na mkate ili asilale na njaa. Sisi wauguzi tunaulizwa kliniki mara kwa mara: "Sista, mwanangu hali, nifanyeje?" Basi mwezi huu tuliongelee.

Jambo lenyewe si dogo. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa, katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka mitano, 30 walikuwa wamedumaa. Iringa, mkoa unaolima mahindi, viazi na mboga kwa wingi, walizidi 50. Maana yake, chakula kuwepo shambani si sawa na kumfikia mtoto. Anayejaza tumbo kwa uji mtupu, chai na biskuti huonekana ameshiba, kumbe mwili wake una njaa.

Kwa nini anakataa?

Baada ya mwaka wa kwanza mtoto hakui kwa kasi ile ya uchanga, hivyo hamu yake ya chakula hupungua. Hilo ni la kawaida. Pia katika umri huo watoto wengi huogopa chakula wasichokizoea.

Lakini sababu tunayoikuta mara nyingi ni kwamba mtoto amekwisha kushiba. Saa nne alipewa biskuti, saa tano juisi, saa sita shangazi kamnunulia pipi. Saa saba akiitwa kula, atakula kwa tumbo lipi?

Wengine ni wagonjwa: minyoo, malaria, vidonda vya kinywa au upungufu wa damu huondoa hamu ya kula.

Kazi ya mama na kazi ya mtoto

Mama apange chakula gani kiliwe na saa ngapi. Mtoto aamue ale kiasi gani. Aliye mdogo tukae naye, tumlishe polepole, tuzungumze naye. Akigeuza uso, tupumzike kisha tujaribu tena. Tuache kabisa kumziba pua ili ameze uji. Uji unaweza kuingia kwenye njia ya hewa, na mtoto hujifunza kuogopa chakula.

Mambo yanayosaidia

1. Tuweke saa. Milo mitatu na vitafunio mara mbili vinatosha kwa mtoto aliyevuka mwaka. Katikati apewe maji tu. Anayenyonya aendelee kunyonya hadi miaka miwili au zaidi.

2. Apewe sahani yake. Wakila sinia moja, mpole huachwa na hatujui amekula nini.

3. Chakula kipya kiwe kidogo. Kijiko kimoja cha mchicha kando ya wali anaoupenda kinatosha. Huenda akahitaji kukiona na kukionja mara kumi au zaidi kabla ya kukikubali, basi tusikate tamaa siku ya tatu.

4. Tutie lishe ndani ya anachokipenda. Mchicha ukatwe mwembamba upikwe kwa karanga. Boga na karoti zipondwe pamoja na viazi. Dagaa waoshwe, wakaushwe na kusagwa, kisha kijiko kimoja kitiwe kwenye mchuzi au uji. Asiyetaka maziwa ajaribu mtindi.

5. Chai isiandamane na chakula. Chai huzuia mwili kupata madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga. Chungwa au pera husaidia mwili kuyapata.

6. Tusiahidi soda kama zawadi ya kumaliza mboga. Mtoto ataelewa kuwa mboga ni adhabu.

7. Baba naye ale mboga. Akisema mbele ya watoto kwamba majani ni ya mbuzi, kazi yetu ya wiki nzima imepotea.

Mfano wa siku moja

Asubuhi: uji wa dona uliotiwa karanga zilizosagwa. Tuchague karanga kavu zisizo na ukungu.
Saa nne: papai au ndizi mbivu.
Mchana: ugali, maharage na matembele, kisha chungwa.
Saa kumi: kiazi kitamu na mtindi.
Jioni: ndizi za kupika na dagaa wa nazi, au yai.

Wakati wa kwenda kliniki

Tumpeleke mtoto ikiwa uzito kwenye kadi hauongezeki kwa miezi miwili, viganja vimekuwa vyeupe, au anakohoa au kutapika kila anapokula. Miguu ikivimba, au akishindwa kabisa kula na kunywa, tusingoje kesho. Tusisahau pia matone ya vitamini A na dawa ya minyoo kila baada ya miezi sita kwa watoto waliofikia umri wake.

Akina mama, mtoto hafundishwi kula kwa siku moja. Tuanze na jambo moja wiki hii: biskuti na juisi zikae mbali hadi saa ya chakula ifike. Wengi wetu tutashangaa kuona yule "asiyekula" akiomba aongezwe.