Ukisoma mikrobiolojia, utafanya kazi wapi?

Wengi munaniandikia swali moja tu: «Yaya, nikimaliza mikrobiolojia nitakula nini?» Bon, tuongee wazi.

Kwetu Kongo mulango si moja. Kuna fakilte ya siansi: lisansi ya biolojia, kisha masta. Kuna ISTM, upande wa labo, pale unashika damu na mikojo mapema. Tena kuna wanaopitia udaktari. Profesa Muyembe alisoma udaktari Lovanium, akafanya doktora ya virusi Leuven, Ubelgiji. Mwaka 1976 alifika Yambuku mbele ya ugonjwa kupewa jina la Ebola, na kisha akaongoza INRB ya Kinshasa miaka mingi. Lakini kama unataka hospitali haraka, mi naona ISTM ndiyo njia fupi.

Sasa kazi yenyewe. Munajua Widal? Mutu akipata homa, wanamupima Widal, wanamwambia iko na tifoide. Widal inatafuta antikorpo tu, zile silaha za mwili, na zinaweza kuwa za ugonjwa wa zamani. Kujua kweli, unapaswa kuweka damu katika shupa ya emokiltire, ungoje bakteria ikue, uioteshe kwenye jeloze kwa digri 37, upake Gram, uipe jina, mwisho ufanye antibiogramu uone dawa gani inaiua. Ni siku kadhaa. Widal inaisha mbio na bei yake ni kidogo, ndiyo maana labo nyingi za mtaa zinabaki nayo. Mgonjwa anameza antibiotike bure, na bakteria zinazoea dawa. Mutu anayejua kuotesha bakteria vizuri, labo haimuachi aende.

Nje ya hospitali: OCC inapima vyakula, REGIDESO inatafuta koliforme ndani ya maji, Bralima inachunga chachu ya bia isiingiliwe na bakteria (bia nayo ni mikrobiolojia, musicheke). GeneXpert tuliizoea kwa kifua kikuu. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, 2018 mpaka 2020, ilipima Ebola pia. Vijana waliojua kuitumia walitafutwa.

Staji mara nyingi haina franga, hiyo siwafichi. Ukiona wanakupa kuosha vitubu tu, omba kwa heshima wakuweke karibu na mutu wa bakteriolojia. Na Kingereza muanze sasa, juu makala na burse nyingi ziko katika luga ile.