Mama Anayelea Kinywani

Katika soko la samaki la Ggaba, kusini-mashariki mwa Kampala, wanunuzi huwafunua ngege matamvua kuona kama bado mekundu. Kinywani hawaangalii. Lakini jike wa samaki huyu, ambaye Tanzania huitwa sato, hulea wanawe humo humo kinywani.

Dume huchimba shimo mchangani, kwenye maji mafupi karibu na ufuko. Jike hutaga humo, na mayai yakisharutubishwa huyazoa kwa kinywa na kwenda zake. Dume hubaki akingoja jike mwingine. Mayai ni mamia, na kwa jike mkubwa huweza kupita elfu. Kwa siku kumi hivi, hata wiki mbili, mama huyo hali kitu au hula kidogo mno. Taya zake hazipumziki: huyageuza mayai mfululizo ili maji yenye oksijeni yafikie kila moja na ukungu usipate pa kushika. Wafugaji wanaokusanya mayai hayo ili wayaangulishe wenyewe hulazimika kumuiga, wakisukuma maji kutoka chini ya chombo yawe yanabiringika muda wote.

Yakianguliwa, vifaranga hubaki kinywani wakiishi kwa kiini cha yai. Wakishaachiliwa, kwa siku chache bado hatari ikitokea humkimbilia mama, naye huwafungulia kinywa waingie.

Kinga hii nayo ina wezi wake. Katika miaka ya 1950 P. H. Greenwood, aliyekuwa akichunguza samaki wa Ziwa Viktoria kutoka Jinja, alieleza aina za furu, jamaa ya wale Waganda wanaowaita nkejje, ambao chakula chao ni mayai na vifaranga vya samaki wenzao wanaolea kinywani.

Sangara alishika njia nyingine kabisa. Jike wake hutaga mayai kwa mamilioni, huyaacha yaelee, na mengi yakiliwa bado yako ya kutosha. Ngege hana akiba ya namna hiyo. Akinaswa wavuni akiwa amebeba, huyatema mayai kwa kihoro, na hakuna mwingine wa kuyaokota.

Ndiyo maana kokoro hunikasirisha kuliko nyavu nyingine zote. Wengi hulilaumu kwa matundu yake madogo, na wana haki. Ila mimi naona ubaya wake mkubwa ni mahali linapopita. Hukokotwa kwenye maji mafupi yale yale, likifukia mashimo ya madume na kuzoa majike waliokuja kutaga. Uganda imelipiga marufuku, nami naunga mkono kwa moyo wote. Lakini katika Ghuba ya Murchison, mbele ya Ggaba yenyewe, kuna tatizo ambalo katazo la nyavu haliligusi: mfereji wa Nakivubo huingiza maji machafu ya jiji, uchafu ukioza hula oksijeni, na jike aliyebeba hupitishia mayai yake maji hayo hayo.