Je, Wajua? Njia ya Kumrudisha Mwanachuo Nyumbani Mungaa

Vyuo vikuu vinapofunga mwaka wa masomo, vituo vya mabasi vya Dodoma hujaa magodoro yaliyokunjwa na kufungwa kamba, ndoo zilizoshindiliwa vyombo na mabegi ya shangazi kaja. Wapo wazazi wanaotuma nauli kwa simu na kumsubiri kijana nyumbani. Wapo pia wanaofunga safari wenyewe, kwa basi au kwa gari la kuazima, kwenda kumchukua na kurudi naye. Mzazi wa Mungaa, wilayani Ikungi mkoani Singida, akitoka Dodoma ana zaidi kidogo ya kilomita 200 za lami hadi Ikungi, kisha vumbi la kwao. Wengi huihesabu njia hii kuwa nyika ya kupita tu. Soma haya kabla hujaianza, na ikiwezekana msomee mwanao mkiwa njiani.

Je, wajua kuwa zamani hakukuwa na chuo kikuu cha kumfuata mtoto na kurudi naye siku hiyohiyo?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha London, ndani ya jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Kabla ya hapo, Mtanganyika aliyetaka shahada alielekea Makerere, Uganda, au ng'ambo. Mtoto wa Singida akienda chuo, aliyerudi haraka nyumbani ilikuwa barua yake.

Mambo yalibadilika mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Dodoma kilipoanzishwa katika eneo la Chimwaga, kwenye ardhi ya takriban hekta 6,000, kikikusudiwa kupokea wanafunzi 40,000. Mwaka huohuo kilianza pia Chuo Kikuu cha St. John's, hapohapo Dodoma. Leo mzazi aondokaye Ikungi alfajiri anaweza kufika getini kabla ya adhuhuri, akaitikia salamu aliyoisubiri muhula mzima: "Shikamoo, baba." "Marahaba, mama. Mbona umekonda hivyo?" Jibu mara nyingi huwa ni bumu, fedha ya kujikimu inayotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi Julai 2005. Bumu likichelewa, unga na dumu la mafuta kutoka nyumbani ndivyo vinavyomvusha mwanafunzi.

Je, wajua kuwa kwa takriban miaka 30 mabasi ya masafa marefu yalikatazwa kusafiri usiku kucha Tanzania?

Katazo hilo liliwekwa miaka ya 1990 kwa sababu ya ajali na ujambazi wa barabarani. Mwaka 2023 Serikali iliondoa katazo, na tangu Oktoba mwaka huo mabasi yanaruhusiwa kwenda saa 24. Ni nafuu kubwa kwa mgonjwa na mfanyabiashara. Kwa mwanachuo arudiye nyumbani, maana yake ni kwamba anaweza kupita mkoa mzima amelala.

Anayesafiri mchana kwa gari lake akumbuke jambo moja: penye makazi ukomo wa mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na hapo ndipo madereva wengi wanapopigwa tochi. Mabasi nayo hufungwa kifaa cha kufuatilia mwendo, na ukomo wao nje ya makazi ni kilomita 80 kwa saa.

Je, wajua kuwa maua ya mbuyu hufunguka jioni?

Ukiuacha mji wa Dodoma kuelekea magharibi, mibuyu inaanza kukusindikiza. Ua lake jeupe hufunguka jua likizama, na popo ndio wachavushaji wake wakubwa. Kufikia kesho yake ua limeanza kunyauka. Mbuyu mmoja wa Zimbabwe uliojulikana kwa jina la Panke ulipimwa na wanasayansi ukakadiriwa kuwa na zaidi ya miaka 2,400 kabla haujafa mwaka 2011. Hakuna mwenye kadi ya kuzaliwa ya mibuyu ya Ugogo, lakini mingi iliyo minene kandokando ya njia hii ilikuwapo kabla ya barabara, kabla ya reli na kabla ya mipaka ya mikoa.

Je, wajua kuwa maji ya mto Bubu huishia Bahi?

Mto Bubu unatoka nyanda za juu za Kondoa, unateremka kusini na kumwaga maji yake kwenye kinamasi cha Bahi. Mvua zikiwa nzuri, pale panakuwa na maji tele, samaki na ndege, na mashamba ya mpunga yanang'aa kijani katikati ya nchi kame. Kiangazi kikikaza, maji hunywea na kubaki ardhi iliyopasuka.

Sehemu kubwa ya katikati ya Tanzania iko hivyo: mito yake haina njia ya kutokea baharini. Wataalamu wa maji wanaliita eneo hilo Bonde la Kati, na ofisi yake iko Singida. Maziwa ya Singidani na Kindai, yaliyo mjini Singida, ni ya bonde hilohilo. Maji huingia, jua linayakausha, chumvi inabaki. Ndiyo maana heroe huonekana humo na mtu hachoti maji ya kunywa.

Je, wajua kuwa kati ya Bahi na Manyoni unapanda ukuta wa Bonde la Ufa?

Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Bahi iko chini, kama mita 830. Ukishapita Kintinku, nchi inasimama mbele yako: ni mteremko wa Saranda, unaokupandisha hadi Manyoni, zaidi ya mita 1,200. Malori yenye namba za Rwanda, Burundi na Kongo yanapanda polepole kwa gia nzito, na yanayoshuka yanaacha harufu ya breki hewani. Hii ndiyo barabara inayounganisha bandari ya Dar es Salaam na nchi za Maziwa Makuu.

Tafuta mahali salama pa kuegesha, kisha geukeni nyuma. Bonde lote mlilolivuka liko chini yenu, tambarare mpaka macho yanapoishia. Ufa huo ni mkono wa mashariki wa Bonde la Ufa, ambako ardhi ya Afrika inaachana kwa milimita chache kila mwaka. Mwanafunzi aliyeusoma kwenye ramani ya jiografia kidato cha nne anaweza kuukanyaga hapa kwa viatu vyake.

Hukohuko juu, wilayani Manyoni, liko eneo la Sukamahela linalotajwa kuwa kitovu cha Tanzania. Na iko Kilimatinde, kituo cha Wajerumani kilichokuwa na nguvu kabla ya reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na ikafika Kigoma mwaka 1914; ilipopita Manyoni, shughuli zikahamia huko na Kilimatinde ikabaki mji mdogo wenye historia kubwa.

Je, wajua kuwa Singida iliwahi kunyang'anywa reli yake?

Miaka ya 1930 Waingereza walijenga tawi la reli kutoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri. Miaka ya 1940 wakaling'oa. Vyuma vyake vilihitajika kusini mwa nchi, kwenye mradi wa karanga ulioanza 1947, uliolenga pia Kongwa na Urambo. Mradi wenyewe ulikufa mwaka 1951 baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 30 za Uingereza, kwa sababu mvua na udongo havikuwa kama wapangaji walivyodhani wakiwa mbali. Reli ya Manyoni hadi Singida ilijengwa upya miaka mingi baadaye. Kijana anayesomea uchumi, mipango au uhandisi atafute mahali pengine, lakini hatapata mfano ulio karibu na nyumbani kuliko huu.

Je, wajua kuwa magharibi ya Manyoni kuna vichaka vya aina ya pekee duniani?

Manyoni barabara zinagawanyika: moja inakwenda Itigi na Tabora, nyingine Singida. Upande wa Itigi kuna vichaka vizito, vifupi kuliko msitu, vilivyosongamana kiasi kwamba mtu mzima hupenya kwa shida. Uoto wa namna hiyo unapatikana hapo na kaskazini mwa Zambia tu. Nchi hiyo ndiyo misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora iliita Mgunda Mkali, kwa sababu ya ukame na urefu wake. Wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke waliivuka mwaka 1857. Leo asali ya Manyoni na Itigi inatoka kwenye pori hilohilo lililowatisha wapagazi.

Je, wajua kuwa Stanley alipigana na Wanyaturu?

Novemba 1874, mpelelezi Henry Morton Stanley aliondoka Bagamoyo na msafara wa watu zaidi ya 300. Badala ya kwenda Tabora kama wapelelezi wenzake, alikata kaskazini magharibi akapita nchi ya Wanyaturu, aliyoiita Ituru. Januari 1875 msaidizi wake kijana, Edward Pocock, alikufa kwa homa. Kisha Kaif Halleck, mpagazi mgonjwa aliyebaki nyuma, akauawa njiani. Siku chache baadaye yakatokea mapigano makali pale Vinyata, na watu wengi wa pande zote mbili wakafa.

Habari hizo zimebaki vitabuni kwa maneno ya Stanley peke yake. Upande wa Wanyaturu, jina linalosimuliwa zaidi ni la Liti Kidanka, mwanamke aliyeongoza upinzani dhidi ya Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, akisaidiwa, wasimulizi wanasema, na nyuki. Uwanja wa mpira wa Singida, uliojulikana zamani kama Namfua, leo unaitwa Liti.

Je, wajua kuwa alizeti iliyokomaa haifuati jua tena?

Baada ya Issuna unaingia nchi ya alizeti. Ikiwa changa, alizeti hugeuka na jua kutoka mashariki hadi magharibi, na usiku hujirudisha. Ikikomaa inabaki imetazama mashariki. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la Science ulionyesha faida yake: ua linalotazama mashariki hupata joto mapema asubuhi na kuvuta nyuki wengi zaidi.

Julai utakuta mavuno yameshaingia. Kando ya lami yamepangwa madumu ya mafuta, na kwenye mashine za kukamua kuna marundo ya mashudu, mabaki yanayolishwa mifugo. Karibu yake hukosi tenga la kuku wa kienyeji wanaosubiri lori la Dar es Salaam.

Je, wajua yaliyopo Mungaa kwenyewe?

Tarafa ya Mungaa ndiyo nyumbani kwa Hospitali ya Makiungu, ambako masista wa Medical Missionaries of Mary, shirika lililoanzishwa na Mary Martin wa Ireland mwaka 1937, walianza kazi mwaka 1954. Katika kijiji cha Mahambe alizaliwa, mwaka 1968, mwanasheria na mwanasiasa Tundu Lissu. Na katika wilaya hiyohiyo ya Ikungi, huko Mang'onyi, mgodi wa dhahabu wa Singida ulitoa dhahabu yake ya kwanza mwaka 2023.

Hapo ndipo mwanachuo anaposhusha godoro. Jikoni kuna ugali wa uwele, mlenda na kuku aliyetengwa kwa ajili yake. Majirani watakuja mmoja mmoja kumwamkia na kuuliza ya Dodoma.

Mzazi, mtoto wako amefundishwa mengi huko alikotoka, lakini nchi iliyomlea hakufundishwa na mtu. Ukiwa na uwezo wa kumfuata, mfuate, na mrudi mchana. Simameni Bahi, simameni Saranda, ulizeni wazee wa Manyoni na Ikungi. Nawe kijana, weka simu mfukoni kwa kilomita 200 hizo. Nchi hii imepitwa na wengi, na inamhitaji msomi wake mwenyewe wa kuiandika.