Kabla ya Kichina, Lugha ya Jirani

Majuzi kijana mmoja wa Kaptembwo, anayesomea ualimu, alinijia akitaka nimwandikie barua ya kumpendekeza. Kanisa lake linaandaa ziara ya China, ili wakabadilishane lugha na Wakristo wa huko: wafundishe Kiswahili, wafundishwe Kichina.

Ni jambo la kupongezwa. Huko atakuta kwamba hata Biblia yao mashuhuri ya mwaka 1919 ilitolewa kwa machapisho mawili, moja likimwita Mungu Shen na jingine Shangdi, kwani wamishonari walishindwa kuafikiana juu ya neno hilo.

Nikamwuliza: jirani yako Mkisii humwitaje Mungu? Hakujua. Mwalimu mtarajiwa huyo!

Ni Nyasae, ndugu wa Nyasaye la Wajaluo. Na Ngai la Wakikuyu lina uhusiano na Enkai la Wamaasai. Naam, wazee wetu, pasipo nauli ya ndege, waliazimana hata jina la Muumba. Sisi je? Ghasia za baada ya uchaguzi zilipofika Kaptembwo Januari 2008, lafudhi ya mtu ilitosha kumponza, hata mbele ya waliosali naye.

Barua nimeandika, kwa sharti moja: kabla ya safari, ajifunze kusali kwa Kikisii kutoka kwa mama anayemuuzia mboga.

Alicheka. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, iwapo mama huyo naye atakubali kujifunza Kikalenjin.