Je, Wajua? Mseto, kanga mbili na maswali ya afya ya mwanamke

Je, wajua kuwa dawa ya mseto ya malaria ilianza kutumika Tanzania mwaka 2006, lakini mwanamke mwenye mimba changa alisubiri hadi Novemba 2022 ndipo Shirika la Afya Duniani (WHO) likasema naye apewe? Miaka 16. Muda wote huo, mama wa Bukene, wilayani Nzega mkoani Tabora, aliyeshikwa na malaria katika miezi mitatu ya kwanza aliandikiwa kwinini: siku saba za vidonge, masikio yakivuma, kichefuchefu cha dawa kikiongezea kile cha mimba. Jirani yake asiye mjamzito alimaliza mseto kwa siku tatu. Majaribio ya wanyama yalikuwa yameleta wasiwasi, na kwa binadamu majibu yalichelewa kwa sababu wajawazito huachwa nje ya majaribio ya dawa. Ushahidi uliofungua mlango ulitoka hasa kwa wanawake waliomeza dawa hiyo kabla hawajajua kuwa wana mimba.

Je, wajua kuwa utafiti mkubwa wa Marekani wa miaka ya 1980 kuhusu aspirini na mshtuko wa moyo ulihusisha madaktari 22,071, na hakukuwamo hata mwanamke mmoja? Sheria ya huko inayotaka wanawake waingizwe kwenye tafiti za tiba zinazolipiwa na serikali ilikuja mwaka 1993.

Je, wajua kuwa kanga imewahi kuwa kipimo cha utafiti? Reli inayopita Bukene inafika hadi Tabora. Ukigeukia magharibi hapo, unafuata mwelekeo wa misafara ya zamani ya biashara hadi Kigoma na Ujiji. Vijijini Kigoma, wakunga wa jadi walifundishwa jambo moja: damu ikilowesha kanga mbili, mama amepoteza nusu lita, usisubiri. Hapo hapo walimpa vidonge vya misoprostoli vya kuzuia damu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005: katika vijiji hivyo, wanawake waliolazimika kukimbizwa hospitali kwa kutokwa damu walikuwa wachache kuliko katika vijiji visivyo na dawa hiyo. Naupenda utafiti huu kuliko wote ninaoutaja hapa. Watafiti waliangalia chumba cha kujifungulia kilivyo: hakuna mizani, hakuna chombo cha kupimia, taa ni hafifu. Kanga ipo, kila mama anayo.

Mmoja wa waliofanya kazi hiyo ni marehemu Dkt. Godfrey Mbaruku. Je, wajua kuwa katika hospitali ya mkoa wa Kigoma alikofanya kazi, vifo vya uzazi vilishuka kutoka 933 hadi 186 kwa kila vizazi hai 100,000 kati ya 1984 na 1991? Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilifanyika kwa rasilimali zilizokuwepo palepale.

Wazo la kupima badala ya kukisia halikuishia Kigoma. Mwaka 2023, utafiti wa zaidi ya wanawake 200,000 katika hospitali za Tanzania, Kenya, Nigeria na Afrika Kusini ulitumia mfuko wa plastiki wenye mistari, unaotandikwa chini ya mama mara mtoto anapozaliwa. Damu ikifika mstari wa hatari, tiba zote zinatolewa kwa pamoja. Kutokwa damu kwa kiwango kikubwa kulipungua kwa asilimia 60.

Je, wajua kuwa oksitosini, sindano anayochomwa mama ili kuzuia damu baada ya kujifungua, inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8? Umeme ukikatika na friji ya zahanati ikapata joto, nguvu ya dawa inapungua na kwa macho huwezi kujua. Mwaka 2018, jaribio la karibu wanawake 30,000 katika nchi 10, Kenya na Uganda zikiwemo, lilionyesha kuwa karbetosini isiyoharibiwa na joto inafanya kazi hiyo kwa ubora unaokaribiana. Hiyo hustahimili nyuzi 30 kwa miaka mitatu.

Je, wajua kuwa Tabora imo kwenye mojawapo ya tafiti kubwa za uzazi barani Afrika? Hospitali na vituo 30 vya Tabora, Shinyanga, Mwanza, Geita na Manyara vilishiriki, chini ya uongozi wa Hospitali ya Haydom. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara wodini, kwa midoli ya kufundishia. Matokeo yalitoka Februari 2025: vifo vya akina mama vilipungua kwa takriban asilimia 75.

Na upande wa Mwanza, mwisho mwingine wa reli ile inayopita Bukene, je, wajua kuwa wasichana 930 walisaidia kuonyesha kuwa dozi moja ya chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi huujengea mwili kinga ya kutosha? Tangu 2024, dozi moja ndiyo inayotolewa Tanzania.

Sasa pengo linaloniuma. Je, wajua kuwa kichocho si mkojo wa damu wa watoto tu? Mayai ya minyoo hunasa kwenye uke na shingo ya kizazi, yakaleta vidonda, maumivu ya tendo la ndoa, hata ugumba. WHO inakadiria wanawake na wasichana milioni 56 Afrika wanaugua hivyo. Mwanamke anayeingia majaruba ya mpunga kila msimu huhisiwa ana ugonjwa wa zinaa. Anapewa antibiotiki, haponi, na nyumbani anaulizwa alikoutoa. Kwa miaka mingi prazikwanteli, dawa ya kichocho, iligawiwa zaidi shuleni, na aliyekwisha kumaliza shule hakufikiwa. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza watu wazima nao wapewe, wakiwemo wajawazito waliovuka miezi mitatu ya kwanza. Lakini dozi ya dawa hiyo ilipimwa hasa kwa kuhesabu mayai kwenye mkojo na choo, si kwa kuangalia kama vidonda vya kizazi vimepona. Dozi ngapi zinamtosha mwanamke aliyekwisha kupata vidonda? Na muuguzi wa zahanati amuulize maswali gani ili amtambue bila vifaa vya gharama? Nzega, yenye majaruba na wanawake wanaoyalima, ni mahali pazuri pa kuyatafutia majibu hayo.